Kabla hujanunua amplifaya, geuza spika usome mgongoni

Nilikuwa na hom theata ya zamani, zile za seti moja, deki yake ikafa ila spika zote tano nzima kabisa. Nikaona kuzitupa ni dhambi. Nikatafuta risiva iliyotumika (ndo amplifaya ya hom theata hiyo), nikapata moja imeandikwa wati 100 kwa kila chaneli, yaani kwa kila njia ya spika, nikabeba bila kuuliza swali la pili. Kufika nyumbani nikakata zile plagi zake za rangi rangi, nikachuna waya, nikafunga, nikaweka muvi ya vita. Dakika kumi za kwanza raha tupu, hadi vikombe kabatini vinatetemeka. Afu likapigwa bomu la kwanza la maana, nikasikia "tak", kimya, na kwenye kioo imeandika PROTECT.

Nikazima nikawasha, ikapiga, bomu lingine, tak. Usiku mzima ndo ulikuwa huo. Nikaamini nimeuziwa mzigo mbovu, kesho yake nikairudisha, tukazozana na aliyeniuzia mpaka basi, yeye akaifunga kwenye spika zake ikapiga masaa mawili haijakata hata mara moja, mi ndo nikaonekana tapeli. Nikarudi nayo kwa aibu.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja mzee, na wala hakuigusa risiva. Alisema tu, "Mdogo wangu, hebu nigeuzie hiyo spika." Nyuma kuna kistika kidogo ambacho mi miaka yote sijawahi kukisoma: omu 3. Afu akageuza na risiva, pale juu ya matundu ya waya za spika imeandikwa omu 6 hadi 16. Akacheka. "Umembebesha punda mzigo wa lori, afu unamlaumu punda."

Basi tuanze na hizo omu kwanza, maana watu wengi wanadhani omu ikiwa kubwa ndo spika nzito, kumbe ni kinyume. Omu ni ukinzani, yaani spika inavyoubania umeme usipite ovyo. Ikiwa ndogo, spika inavuta umeme mwingi zaidi. Piga hesabu: amplifaya ikitoa volti 20 kwenye spika ya omu 8, umeme unaopita ni ampea 2.5, na hizo ni wati 50. Volti hizo hizo 20 ukizipeleka kwenye spika ya omu 3 zinatakiwa ampea 6.7 hivi, karibu wati 133, zidisha sasa kwa chaneli tano zote zinalia bomu kwa wakati mmoja. Transista zinachemka, transfoma inahema, saketi ya ulinzi inakata kabla moshi haujatoka. Yaani ile "tak" ilikuwa inaniokoa na mi nakaa naitukana.

Na usije ukasema watengenezaji wa zile seti walikosea. Amplifaya za ndani ya hizo seti kwa kawaida zinaendeshwa na volti ndogo, sa ili wati zitoke za kutosha kuandika namba ya kupendeza kwenye boksi wanaziwekea spika za omu ndogo. Zikiwa pamoja zinaelewana vizuri tu. Shida inaanza pale mtu kama mimi anapozitenganisha.

Kwa hiyo kitu cha kwanza, omu za spika ziwe sawa na ile namba ndogo iliyoandikwa kwenye amplifaya, au zizidi. Spika ya omu 8 kwenye amplifaya inayoruhusu 4 hadi 8 haina neno, utapata wati chache kidogo basi. Na ile namba ya mgongoni ni ya makadirio, spika ikiwa inapiga omu zake zinapanda na kushuka kulingana na sauti, iliyoandikwa 6 kuna mahali inaweza kushuka mpaka chini ya 4, ndo maana sipendi kwenda mpakani kabisa, naacha nafasi. Kama kistika kimefutika, chomoa spika kwenye amplifaya, chukua multimita weka kwenye omu, pima. Usishangae ikisoma pungufu, spika ya omu 8 mara nyingi inaonyesha 6 na kitu, ya omu 4 inaonyesha 3 na kitu, ni kawaida, mita inapima waya wa koili tu.

Halafu kuna wale wa kuchomeka spika mbili kwenye tundu moja. Ukizifunga sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, omu 8 mbili zinageuka 4. Ukizifuatanisha, ya kwanza inaingia kwenye ya pili, zinajumlishwa, 8 na 8 zinakuwa 16. Shika hilo la kufuatanisha, ndo lililoniokoa huko mbele.

Sasa namba ya pili ya mgongoni, au kwenye karatasi ya spika, ambayo karibu kila mtu anairuka na kwa mtu mwenye hela za mawazo ndo namba tamu kuliko zote: sensitiviti. Inaandikwa kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, 84, 87, 90, ukiona 92 umeokota. Maana yake ukiipa spika wati 1 ukakaa mita 1, sauti inafika kiwango hicho. Mtu anaona 84 na 90 anasema aa, tofauti ya sita tu. Sita gani! Kila desibeli 3 unazotaka kuongeza lazima wati uzidishe mara mbili, kwa hiyo sita ni mara nne. Spika ya 90 ikipewa wati 25 inatoa sauti ile ile ambayo ya 84 itaidai wati 100. Elewa hapo vizuri, kutafuta spika yenye sensitiviti kubwa ni rahisi kuliko kutafuta amplifaya kubwa, na hii haiongezi hata bili ya umeme. Angalizo moja, kwenye spika za omu 4 namba hiyo mara nyingi inapimwa kwa volti 2.83, ambazo kwenye omu 4 ni wati 2 na sio 1, kwa hiyo punguza 3 kichwani kabla hujafurahi.

Wati ndo zinakuja sasa, mwishoni kabisa.

Unajua ukiwa unaangalia muvi kwa sauti ya kawaida kila spika inakula wati ngapi? Mara nyingi hata moja haifiki. Wati nyingi zinahitajika kwa sekunde chache tu, mlango unabamizwa, gari linalipuka, hapo sauti inaweza kuruka desibeli 20 juu ya maongezi na desibeli 20 ni wati mara 100. Nusu wati inageuka 50 kwa kufumba na kufumbua. Kwa hiyo chumba cha kawaida, spika za desibeli 88 hivi, amplifaya ya wati 50 za kweli kwa kila chaneli inakutosha na majirani wanakufahamu.

Nimesema za kweli. Ukikuta PMPO, zile wati za kilele za kupambia boksi, funga macho pita, hiyo haipimi kitu chochote cha maana. Tafuta RMS, wati ambazo amplifaya inazitoa mfululizo, na hata hiyo RMS isome na maneno madogo ya pembeni: ikiandikwa 20 Hz hadi 20 kHz, chaneli mbili zikifanya kazi, mkwaruzo chini ya asilimia 0.1, hao wamepima kiume. Ikiandikwa 1 kHz, chaneli moja, mkwaruzo asilimia 10, jua kwamba kwa vipimo vya wenzao namba hiyo itashuka sana. Mi nina kaujanja kengine, naangalia nyuma imeandikwa inavuta wati ngapi ukutani. Boksi linavuta wati 200 halafu linadai kutoa 100 mara tano mfululizo, hizo 300 zinazobaki zimetoka wapi?

Hata vile vibodi vidogo vya klasi D mnavyovipenda (aina ya amplifaya isiyopoteza umeme mwingi kwa joto), vyenye chipu kama TPA3116, ni vizuri na havipati moto sana, mi mwenyewe ninacho kimoja, lakini wati zinatoka kwenye adapta. Ukiilisha volti 12, kwa spika ya omu 8 utapata kama wati 9 safi, basi, hata kama bodi imeandikwa 50. Zile 50 ni kwa volti 21 kwenye omu 4, na mkwaruzo wa kutosha juu yake. Nunua adapta kabla hujalaumu bodi.

Kuna imani kwamba amplifaya ndogo ni salama kwa spika kubwa kwa sababu haiwezi kuiunguza. Nilikuwa nayo hiyo imani mpaka nilipoua twita mbili (spika ndogo ya sauti nyembamba nasema, sio ule mtandao). Amplifaya ndogo ukiikaba hadi mwisho inaishiwa volti, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, na kule kukatwa kunazaa sauti nyembamba nyingi ambazo hazikuwemo kwenye muvi, zote zinakimbilia kwenye twita. Twita nyuzi zake ni nyembamba kama unywele, zinaungua kimya kimya, unakuja kushtuka wiki ya pili mbona sauti imekuwa kama inatoka ndani ya blanketi. Kwa hiyo ukisikia inaanza kukwaruza, shusha, usibishane nayo.

Sabufa nayo ilinitesa. Ile ya kwenye seti yangu haina umeme wake, ni boksi na spika tu, nikaichomeka kwenye tundu la sabufa nyuma ya risiva nikashangaa haitoi kitu. Lile tundu linatoa sauti changa isiyo na nguvu, linataka sabufa yenye amplifaya ndani, ile ya kuchomeka ukutani. Nikaifungia kile kibodi changu cha klasi D hapo katikati, ikaamka. Na ukishakuwa na sabufa, ingia kwenye menyu ya risiva weka spika zote "small" hata kama zako ni ndefu kama mlango, krosova (mpaka ambao besi iliyo chini yake inahamia kwenye sabufa) weka 80 Hz. Besi ndo inayokula umeme kuliko kitu chochote, ukiihamishia yote kwenye sabufa risiva inapumua na spika ndogo zinaacha kukoroma.

Sasa zile spika za omu 3 nilizifanyaje. Zilikuwa nne zinazofanana, na ya tano ni ile ya katikati. Nikachukua mbili nikazifuatanisha, zikawa omu 6, hizo nikazipa upande wa nyuma kulia, mbili nyingine nyuma kushoto. Zinakubali kwa sababu ni mapacha, ukifuatanisha spika zisizofanana moja itakula zaidi na sauti itakuwa ya ajabu. Hela kidogo niliyobaki nayo nikaiweka yote mbele, nikanunua mbili za rafu za omu 8, desibeli 89, zimetumika ila koni zake zina afya, nilibonyeza taratibu kwa vidole kusikiliza kama zinakwaruza. Ile ya katikati nikaiweka kabatini, kwenye menyu nikaandika senta hakuna, na risiva yenyewe inayagawa maongezi kulia na kushoto yanakutana katikati ya tivii. Ukikaa katikati huwezi kujua kama senta haipo. Ukikaa pembeni utajua, mke wangu ananikumbusha kila siku maana kiti chake ni cha pembeni.

Waya usihangaike nazo sana, shaba ya milimita mraba 1.5 inatosha kwa umbali wa kawaida, ikiwa ndefu au spika za omu 4 panda 2.5. Cha muhimu kusiwe na kiunywele cha waya kinagusa tundu la jirani, na chanya iende kwa chanya, ukigeuza moja tu besi inapotea hewani.

Kama unatafuta risiva iliyotumika, ya zamani isiyo na HDMI usiidharau. Ikiwa na tundu la optikali inapokea Dolby Digital 5.1 (sauti ya spika tano na sabufa) vizuri kabisa, ila kwenye tivii badilisha sauti itoke kama Dolby Digital na sio PCM, yaani sauti isiyobanwa, maana optikali kwa PCM inapitisha chaneli mbili tu, hilo nalo lilinigharimu jioni nzima. Kabla hujalipa, iwashe ikiwa haina spika, usikie "tak" moja baada ya sekunde chache, pima volti za DC kwenye matundu ya spika ziwe karibu na sifuri, zikifika milivolti 50 mi siinunui, naiacha hapo hapo. Zungusha kitufe cha sauti usikilize mikwaruzo. Afu nenda na spika yako mwenyewe mkononi, uifunge pale pale, ipige nusu saa kwa sauti kubwa, uweke kiganja juu ya boksi. Muuzaji atanuna. Wangu wa mwisho alinuna mpaka akaniletea kiti.