Sukari hupandishwa na mengi: majibu kwa wasomaji wa Mombasa

Barua za wiki hii zote ni za kisukari, na karibu zote zimeandikwa kwa aibu, kana kwamba sukari kupanda ni utovu wa adabu. Sivyo kabisa.

Shikamoo daktari. Mamangu ana miaka 61, tunaishi naye Kisauni. Vidonge hakosi, lakini kipimo cha miezi mitatu kimetoka asilimia 9.4. Nyumbani tunakula sinia moja. Tumfanyeje?

Marahaba mwanangu. Kwanza msimgombeze. Watu wazima wengi hulenga chini ya asilimia 7, na kipimo hicho huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Kinasoma maisha ya nyumba nzima, si futari ya juzi.

Kumpikia sufuria yake peke yake hakudumu: mpishi huchoka, naye mama hujiona ametengwa. Badilisheni chakula cha wote. Mbaazi ziongezwe, mahamri yapungue. Sukari isitiwe kwenye birika, kila mtu ajitilie kikombeni. Wali wa nazi upakuliwe kwa sahani, maana kwenye sinia hakuna ajuaye amekula kiasi gani: nusu ya sahani mchicha, robo samaki, robo wali.

Halafu tazameni nani anayepakua. Mama zetu wengi hulisha watu wote, wao wakaja kula saa nne usiku, ukoko na mabaki, ilhali vidonge walimeza magharibi. Kama ndivyo kwenu, daktari wa kliniki aambiwe. Aambiwe pia mama ameugua miaka mingapi, kwani kongosho, kiungo kinachotoa insulini ya kushusha sukari, huzidi kuchoka na dawa iliyokuwa ikitosha huacha kutosha, hata mgonjwa ajitahidi vipi.

Nafanya kazi bandarini, shifti zabadilika kila wiki. Zamu ya usiku sukari yapanda ingawa sili sana.

Mwili una saa yake, kaka. Chakula kile kile kikiliwa saa nane usiku hupandisha sukari zaidi kuliko mchana, na usingizi mchache huufanya mwili uikaidi insulini. Kula mlo wako mkubwa kabla ya kuingia kazini. Usiku beba yai la kuchemsha au njugu, soda uiache. Dozi usijipangie mwenyewe: nenda kliniki na ratiba ya zamu zako mkononi, upangiwe saa za dawa kwa zamu ya mchana na ya usiku.

Baba ana miaka 79, anaishi peke yake Mji wa Kale. Sisi tuko Doha, pesa twatuma. Asubuhi mashine ilisoma 3.2.

Hiyo imeshuka, na kwa umri wake naiogopa kuliko iliyopanda kidogo. Ikiwa chini ya 4 na bado anameza vizuri, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Akizimia, asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Kisha dawa zake zitazamwe upya haraka, hasa kama anameza glibenklamaidi, kidonge kinachoweza kushusha sukari kupita kiasi. Mzee kama yeye, kwenye kipimo cha miezi mitatu, mara nyingi huruhusiwa asilimia 8. Na katika hizo pesa, mlipeni jirani wa kumletea chai ya asubuhi na kukaa mpaka ale.

Vile vijikaratasi vya mashine ni ghali. Nipime kila siku?

Kama unatumia vidonge vya metfomini peke yake na sukari imetulia, si lazima. Wa insulini wasipunguze bila kuuliza.

Nina miaka 22, natumia insulini, na nimeposwa. Mchumba hajui. Sindano naificha mkobani.

Binti yangu, kisukari chako si laana wala hukujitakia: kinga ya mwili wako ndiyo iliyoshambulia kongosho. Lakini siri inakuumiza. Anayejificha huruka dozi, na sukari ikimshukia kwenye matatu hakuna ajuaye la kufanya. Mkoba wenyewe, kwa joto la Machi, huivunja nguvu dawa. Chupa uliyofungua hukaa wiki nne hivi mahali pa baridi, ambayo hujaifungua friji ya nyuzi 2 hadi 8, isigande.

Kuolewa utaolewa na kuzaa utazaa, ila sukari itulie kabla ya mimba, na hilo mumeo lazima alijue. Anza na shangazi au somo unayemwamini, akusindikize kumwambia. Mchumba naye mwalike kliniki, aelezwe na muuguzi mbele yako.