Jibu: Min Saw Mon na Narameikhla ni wawili au mmoja?

Salaam mkuu. Umekwama kwa sababu orodha yako ya wafalme wa Arakan (ufalme wa zamani, sasa Rakhine, magharibi mwa Myanmar) ina Narameikhla anayetawala katika mji wa Launggyet na Min Saw Mon anayetawala katika mji wa Mrauk U. Ni mtu mmoja huyo. Nami niliwahi kuwaandika kama wawili, mpaka nikajikuta nina mfalme wa ziada!

Kwanza angalia mji, jina baadaye. Alianza kutawala Launggyet 1404, akakimbilia Bengal 1406 jeshi la Ava, ufalme wa Waburma, lilipoingia. Alikaa uhamishoni zaidi ya miaka ishirini, akarudi 1429 kwa msaada wa sultani wa Bengal. Akakaa Launggyet kidogo tu, kisha akajenga Mrauk U, na ndiyo ikabaki makao makuu hadi Waburma wa mfalme Bodawpaya walipoiteka mwishoni mwa 1784. Kwa hiyo nasaba ni mpya, ila mwanzilishi wake ni yule yule wa zamani.

Pia usishtuke ukiona Ali Khan. Huyo ni Min Khayi, mdogo wake aliyemrithi. Wafalme hawa walikuwa Wabudha; majina ya Kiislamu yalikuwa vyeo tu, kwa jinsi walivyokuwa karibu na Bengal.

Ukikuta amerudi 1429 huku na 1430 kule, usifute kitu. Mwaka wa Kiburma huanza karibu na Aprili, hivyo unagusa miaka yetu miwili. Jumlisha 638 kwenye mwaka wao, halafu utazame mwezi.