Mwanangu, Chura hakufa kwa breki

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo, hata magoti ya mama yako yametulia kidogo. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Nilianza kukujibu kwenye simu, nikaandika mistari miwili, nikafuta. Nimeona bora nikae barazani na daftari la mdogo wako. Nikimaliza atazipiga picha kurasa akutumie. Akisoma, asome, na yeye inamhusu.

Umeniuliza kuhusu lile gari letu la zamani: "Baba, fundi alisema Chura anatengenezeka na hela ulikuwa nayo. Kwa nini ulimuuza skrepa bila hata kunisubiri nirudi nimwone?" Chini yake ukaniambia umeona gari kama lile, Toyota MR2 ya kijivu, inauzwa huko Dar, na unataka neno langu kabla hujatoa hela. Maswali mawili, jibu lake moja. Nitaanzia mbali, unanijua.

Ule mwaka 2012 mji huu wa Mtwara ulikuwa umevamiwa na watu wa gesi. Wageni walijaa, nyumba za Shangani zikapangishwa kwa dola, mpaka mwenye banda la kuku akawaza kulipiga rangi. Nyumba aliyoniachia marehemu mjomba ikapata mpangaji aliyelipa mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu mwenye akili zake angenunua Noah. Mimi nikaagiza kutoka Japani Toyota MR2 ya 1995, nyekundu, viti viwili. Mama yako alilizunguka mara moja tu, akasema, "Nyumba ya watu watano, gari la watu wawili. Sisi wengine tuning'inie wapi?" Hakusema nami siku nne, na haki alikuwa nayo.

Lakini ni vile viti viwili vilivyonifanya nilipende. Mkiwa wote watatu mlikuwa kelele, nami nilikuwa mtu wa kunyamazisha. Ndani ya gari lile nilipata mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Tukapanga zamu: kaka yako Ijumaa, wewe Jumamosi, mdogo wako Jumapili. Wewe ulinieleza tumeegesha Mikindani, unakula pweza, kwamba mwalimu wa hesabu anakuita kwa jina la utani na wewe hulitaki. Mezani nyumbani usingelisema hilo hata kwa fimbo. Jumatatu yake nilikwenda shuleni, ila sikukwambia.

Jina la Chura walilitoa watoto wa mtaani kwa sababu ya zile taa, mchana zimefumba, usiku zinachomoza juu ya boneti kama macho. Mdogo wako alikuwa ananiomba nizifumbue mchana kweupe, na mimi mtu mzima nazifumbua. (Wafaransa waliuziwa gari hilohilo likiitwa MR tu, maana MR2 ukiitamka kwa lugha yao inasikika kama tusi. Hadithi hii niliwachosha nayo watu wote wa kijiwe cha kahawa.)

Sasa nisikilize vizuri, maana unataka kulinunua. Injini ya gari lile haiko mbele, wala haiko kwenye mkia kabisa. Imekaa nyuma ya mgongo wako, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma, na magurudumu hayohayo ndiyo yanayosukuma. Ndiyo maana linakata kona kama kisu. Lakini ukiingia kwenye kona kwa kasi, kisha ukaachia mafuta ghafla, uzito unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, na mkia unataka kutangulia kichwa. Matoleo ya mwanzo ya umbo lile, yale ya kuanzia 1989, yalikuwa makorofi zaidi. Kwa toleo la 1992 Toyota wakabadilisha mpangilio wa miguu ya nyuma, yaani suspensheni, na kuweka matairi mapana zaidi. La kwangu lilikuwa la baada ya marekebisho, na hilo nilikuwa nalitangaza kama cheti cha ndoa. Nilijiona nimesalimika.

Fundi wetu wa Vigaeni hakuona hivyo. Siku moja alichuchumaa, akapangusa vumbi ubavuni mwa tairi la nyuma, akanionyesha tarakimu nne ndani ya kialama chenye umbo la yai: 2305. Maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2005. Yalikuwa yamekuja na gari. Kashata, ile mikato ya tairi, zilikuwa nzuri kabisa, ungeyaona ungesema bado mapya. Akasema, "Mzee, hii raba imekomaa. Kwenye kavu itakushika, kwenye maji itakutupa." Ya nyuma yalikuwa mapana zaidi, 225/50 rimu 15, ya mbele 195/55, kwa hiyo huwezi kuhamisha ya mbele nyuma. Hapa Mtwara ya nyuma hayakupatikana, ilikuwa tuagize Dar. Bei yake nilikuwa nayo mfukoni.

Nikanunua rimu. Rimu za kung'aa na redio. Na matairi yaleyale nikamwambia fundi ayavalishe kwenye rimu mpya. Aliyavalisha kimyakimya. Ukimya ule ningeuelewa siku ileile, leo nisingekuwa na barua ya kuandika.

Desemba 2014, shule zimefungwa, nikakupeleka Lindi kwa shangazi yako. Kilomita mia na ushee, hali ya hewa kavu, lami inameremeta kwa joto. Ulikula maandazi ukanimwagia makombo kila mahali, na tangu Mingoyo ulilala, kichwa umekiegemeza kwenye kioo cha mlango wa kushoto. Hilo nalikumbuka kwa sababu nilipunguza mwendo kwenye matuta usije ukagonga kichwa.

Nikala mchana kwa shangazi yako, nikageuza. Nilipofika Mpapura yakaanza manyunyu, mvua ya kwanza ya msimu. Unajua mvua ya kwanza ilivyo huku: barabara imekaa miezi bila maji, vumbi na oili za malori zimejipaka juu ya lami, maji yakidondoka kidogo tu inakuwa sabuni. Mvua kubwa ingeiosha. Ile haikuosha kitu.

Kabla ya kushuka Mikindani kuna kona ya kulia. Niliiingia mshale ukiwa 90 na kitu. Mbele yangu likatokea lori la korosho linatambaa na gunia zake, taa moja ya nyuma haiwaki. Nikaondoa mguu kwenye mafuta. Breki sikuigusa kabisa, mwanangu. Niliondoa mguu tu, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Nikasikia kiti kinahama chini yangu, nikaona porini, nikaona nilikotoka, nikaona porini tena. Halafu kishindo.

Tuligonga mkorosho. Nasema tuligonga, nilikuwa peke yangu. Mimi nilivunjika mtulinga, basi. Mwenye shamba, bibi mmoja mzee, alikuja na kanga kichwani. Akautazama mkorosho kwanza, akapapasa gome lililochubuka, ndipo akanitazama mimi. Alikuwa bado anasubiri malipo ya pili ya korosho zake za stakabadhi ghalani, na sasa mzungu wa Shangani amekuja kumvunjia mti! (Mzungu ndiye mimi, kwa ajili ya gari.) Nilimlipa baadaye kwa mfuko wangu. Mti ule upo na unazaa.

Trafiki alipofika akaniuliza imekuwaje. Nikasema, "Breki zimekataa." Sijui neno lile lilitoka wapi. Lilitoka lenyewe, kabla hata sijajua kama mkono unauma. Nikalirudia kwa mama yako, nikalirudia kwa jirani, na baada ya mara kumi likawa ndilo lililotokea.

Saa mbili usiku ukapiga kwa simu ya shangazi yako. Nilikuwa benchi la hospitali ya Ligula, PF3, ile fomu ya polisi, imekunjwa mapajani. Ukauliza, "Baba, Chura kafika?" Nikakwambia kafika, kalala.

Kesho yake likavutwa na brekidauni mpaka kwa fundi. Bima yangu ilikuwa ndogo, ile inayomlipa uliyemgonga, ya kwako hawakuangalii. Fundi alizunguka na kamba yake ya kupimia, akasema chasisi imepinda kidogo lakini inanyooka. Mlango tutapata, nusu ya gari inaweza kuletwa Dar kutoka Japani. Milioni tatu na nusu, nne, linarudi barabarani. Nikasema sawa, anza. Nilisema hivyo, muulize mwenyewe.

Halafu nikaenda upande wa kushoto kuchukua vitu vilivyobaki. Mlango ulikuwa umeingia ndani mpaka kiti kimebanwa kwenye lile tuta la katikati, lenye tangi la mafuta. Penye kioo pamebonyea umbo la shina, duara kabisa, na vipande vya kioo vimejaa kwenye kiegemeo cha kichwa. Chini, kwenye zulia, makombo ya maandazi.

Yalikuwa matairi yaleyale, mwanangu. Asubuhi yalinishika kwa sababu ni pakavu, hakuna jingine. Mawingu yangewahi saa sita, usingekuwa na shangazi wa kumwomba simu.

Sikuweza kuvuta hata ule mlango. Nikamwambia fundi asianze. Wiki ile nikatafuta mtu wa skrepa, akanipa milioni moja na laki mbili, sikubishana. Nilitaka liondoke kabla hujarudi Lindi, maana ungelizunguka gari lako kama kawaida yako, ungefika upande wa kushoto, na ungehesabu. Ulikuwa darasa la sita, na hesabu ulikuwa unaziweza kuliko mwalimu wako alivyodhani. Uliporudi ukalia siku mbili, ukasema sikumpenda Chura. Nikakuacha uamini hivyo. Ilikuwa rahisi kuliko kusema.

Kuna la fundi pia. Neno la breki lilizunguka mji. Mkaguzi wa polisi alizikuta nzima na akaandika hivyo, lakini nani anasoma karatasi ya mkaguzi? Watu walisikia tu kwamba gari la mzee fulani lilikatikiwa breki siku chache baada ya kutoka kwa fulani. Wenye teksi wawili wakamhama. Nilijua, nikawa napita njia ya nyuma nisionane naye. Ilinichukua mwaka na nusu kwenda. Nilimkuta chini ya Hiace, nikaongea na miguu yake. Nilipomaliza, sauti ikatoka uvunguni: "Mzee, breki zako nilizifungua mimi mbele ya mkaguzi. Nilikuwa nakusubiri wewe tu." Akaniomba spana namba kumi na saba. Nikampa. Baadaye nikapita kijiweni nikawaeleza wote, mmoja mmoja, akiwemo yule teksi mkubwa asiyesahau kitu. Mmoja wa wale waliohama alirudi. Mwingine hakurudi.

Mama yako nilimwambia usiku uleule. Aliinuka akaenda chumbani kwenu, ulikuwa umelala, akakaa huko mpaka karibu na adhana. Kwa nini wewe nimekuacha mpaka leo, sina maneno mazuri. Kila Jumamosi nilikuwa nasema Jumamosi ijayo.

Kuhusu hiyo ya kijivu. Sikukatazi, nitakuwa mnafiki nikikukataza. Ni gari tamu, utalipenda, na hela ni zako. Angalia ni ya mwaka gani. Ikiwa ya kabla ya 1992, achana nayo, tafuta nyingine. Lala chini mwenyewe uangalie kutu, usimwachie dalali akuangalizie. Na ukishalipata, ikinyesha, punguza mwendo kabla ya kona na si ndani ya kona. Ukiwa umeshaingia, mguu utoke taratibu kama unavyomshusha mtoto aliyelala. Kata bima kubwa.

Fundi anakusalimu, anasema ukija nalo atalikagua bure. Lakini usilete kwanza. Chuchumaa, pangusa vumbi, unitumie picha ya zile tarakimu nne, matairi yote, na la akiba. La akiba liko mbele, chini ya boneti.

Baba yako