Nilikula mchana wa Ramadhani kwa kumwonea haya mwenyeji wangu Ujerumani: nifanye nini?

SWALI

Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni kijana wa miaka 19, kwetu Tanga. Nimekuja Münster, Ujerumani, kusoma lugha kwa mwaka mmoja kabla ya kuanza chuo, na ninakaa na familia ya Wakatoliki: baba, mama, watoto wawili na mbwa. Niliondoka Dar es Salaam usiku, Ramadhani imeshaanza, nikafika mchana nikiwa sikufunga. Usiku ule nilitia niya, nikala daku ya biskuti na maji. Kesho yake mchana mama mwenyeji akaniita mezani. Alikuwa amepika kwa ajili yangu na amealika jamaa zake waje kunisalimia. Niliona haya, nikala. Siku ya tatu nikamwambia tumbo linaniuma ili nisile. Rafiki yangu aliyetangulia huku anasema mimi ni msafiri mwaka mzima, nile tu, nitalipa nikirudi nyumbani. Je, ni kweli? Siku ile niliyokula inanipasa nini? Vyombo vyao vinapikiwa nguruwe, mbwa anaingia mpaka chumbani kwangu, na jioni baba anakunywa bia mezani. Sitaki kuwaudhi, wamenipokea vizuri sana.

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, umeuliza mapema, siku zikiwa bado ziko mbele yako. Ninawajua vijana waliomaliza mwezi mzima namna hiyo, leo tumbo, kesho kichwa, na swali wakaja kuliuliza baada ya miaka. Kwa hiyo usijione umepotea.

Nianze na la rafiki yako, kwa sababu ndilo litakaloharibu mwezi mzima ukilifuata. Ruhusa ya msafiri ipo katika Qur'ani, Sura ya 2 aya ya 185: mwenye kuwa mgonjwa au safarini, atimize hesabu katika siku nyingine. Wewe uliondoka usiku, alfajiri ikakukuta angani. Hukufunga, na huna dhambi. Unadaiwa siku moja tu ya kulipa. (Wasafiri wengine walizingatie hili: katika madhehebu yetu ya Shafi, mtu aliyeingiliwa na alfajiri yuko mjini kwake amefunga, kisha akaondoka saa nne asubuhi, hana ruhusa ya kufungua siku hiyo kwa sababu ya safari peke yake. Mahanbali, wafuasi wa Imamu Ahmad, wanamruhusu.) Ulipofika mchana ule hujafunga, ilikuwa sunna kwako ujizuie kula mpaka magharibi kwa heshima ya mwezi. Haikuwa wajibu.

Lakini safari yako iliishia hapo. Mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, kwa Imamu Shafi si msafiri tena. Dalili mojawapo ya madhehebu haya ni hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya Muhajirina, Waislamu waliohama Makka kwenda Madina, kuruhusiwa kukaa Makka siku tatu tu baada ya kumaliza ibada ya Hija; ile tatu ikachukuliwa kuwa ndiyo mpaka wa ugeni. Hata ukitoka kwa Imamu Shafi ukaenda kwa Imamu Abu Hanifa, atakupa siku kumi na tano. Wako waliosema hakuna idadi maalumu ya siku, akiwemo Ibn Taymiyya, na huenda rafiki yako ameshika kauli hiyo. Lakini wao nao wanarudisha hukumu kwenye desturi ya watu. Kijana mwenye chumba chake, ufunguo wa nyumba, kitambulisho cha shule na kozi ya mwaka mzima, desturi gani itamwita mpita njia? Wewe ni mkazi wa Münster. Funga pamoja na Waislamu wa Münster, na swala zako usizipunguze.

Sasa lile la mezani. Sitakupamba kwa maneno, kwa sababu umeniuliza ili ujue. Ulikuwa umefunga, umetia niya, huumwi, husafiri, wala hakuna aliyekushika kwa nguvu. Kula kwako kulikuwa kwa makusudi, na ni katika madhambi makubwa. Kuona haya hakuhesabiwi kuwa ni kulazimishwa. Mtume (s.a.w.) amesema haya ni tawi la imani, na wanavyuoni, Imamu Nawawi miongoni mwao, wakabainisha kwamba kinachomzuia mtu asitimize haki ya Mola wake si hiyo haya iliyosifiwa. Hicho ni udhaifu, na udhaifu una dawa.

Yakupasayo ni matatu. Utubie kwa kujuta na kuazimia kutorudia. Ulipe siku hiyo. Na siku ile ile baada ya kula ilikupasa ujizuie mpaka jua litue. Kama uliendelea kula, basi hilo nalo liombee msamaha. Kuhusu kafara, yaani kufunga miezi miwili mfululizo au kulisha masikini sitini, Imamu Shafi na Imamu Ahmad wanasema inamhusu aliyeingiliana na mkewe mchana wa Ramadhani, kama alivyofanya yule bwana aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) akilia kwamba ameangamia. Maimamu Abu Hanifa na Malik wanaiwajibisha hata kwa kula makusudi. Wewe umelelewa katika madhehebu ya Shafi, na kwa hayo nakujibu: huna kafara.

Siku ya tatu hukula, ila ulisema uongo. Swaumu yako ni sahihi, huilipi. Lakini hadithi iliyomo katika Bukhari inatisha: asiyeacha kusema uongo na kuutenda, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Na tazama uongo ule umekupeleka wapi. Mama wa watu sasa anadhani chakula chake kimekudhuru. Kesho atakupikia supu, keshokutwa atakupeleka kwa daktari. Ulitaka usimuudhi, ukamtia wasiwasi.

Hapa ndipo hasa ninapotaka unisikilize. Nimesoma swali lako mara mbili sijaona mahali mama huyu alipokukataza kufunga. Hajui. Katika desturi ya Wajerumani wengi chakula cha moto ni cha mchana, na jioni huwa ni mkate, jibini na nyama baridi. Kwa hiyo alikupa kilicho bora katika siku yake. Na watu wa nyumba hiyo si wageni na kufunga. Ni Wakatoliki, na miaka hii Kwaresima inakutana na Ramadhani. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari, wakati ule ule Waislamu walipokuwa wakiutafuta mwezi. Huenda hapo nyumbani yuko mtu ameacha nyama, pombe au peremende kwa siku arobaini. Aya ya faradhi yenyewe, 2:183, inasema mmefaradhishiwa kufunga kama walivyofaradhishiwa waliokuwa kabla yenu. Una mlango ulio wazi kabisa wa kuingilia.

Mkalishe mama na baba leo, usingoje wakati wa chakula. Waambie: "Mimi ni Mwislamu, na huu ni mwezi wetu wa kufunga. Kuanzia alfajiri mpaka jua litue sili wala sinywi, hata maji. Juzi nilikula kwa sababu niliona haya kukukatalia, na jana tumbo halikuniuma. Naomba mnisamehe. Chakula chako ni kizuri, naomba uniwekee sehemu yangu niile jioni." Kijerumani kikikushinda, iandike karatasini, umwombe mwalimu wako wa lugha aisahihishe, kisha uisome. Watashangaa hayo ya maji. Kila Mwislamu wa Ulaya ameshaulizwa "hata maji?", nawe utaulizwa mara nyingi. Jibu kwa uso mkunjufu. Na watoto wakikuuliza, wajibu kwa upole zaidi, maana utakayowaambia wao ndiyo watakayoyasimulia shuleni.

Hukumu ya wema wako kwao iko wazi katika Sura ya 60 aya ya 8: Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita katika dini wala kututoa majumbani mwetu. Na Mtume (s.a.w.) amesema asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Ningekushauri, wiki ya pili hivi, uwaandalie futari ya kwetu. Unga, hamira, sukari na iliki vinapatikana kila mahali huko; wapikie kaimati za shira na uji wa pilipili manga, uwaalike wakae nawe jua linapotua. Wao wamekukirimu, nawe wakirimu.

Vyombo. Swahaba Abu Tha'laba al-Khushani alimuuliza Mtume (s.a.w.) jambo hili hili: tunaishi katika nchi ya Watu wa Kitabu, je, tule katika vyombo vyao? Akajibiwa: mkipata vingine msile humo, msipopata vioshe mle. Imo katika Bukhari na Muslim, na katika riwaya ya Abu Dawud imetajwa waziwazi kwamba vyungu hivyo vilipikiwa nguruwe. Basi nunua sufuria moja, kikaango kimoja, sahani na kijiko, uwe navyo. Ni gharama ndogo. Usipoweza, osha. Kauli mashuhuri ya madhehebu yetu ni kuosha mara saba, moja kwa udongo, kama najisi ya mbwa. Lakini Imamu Nawawi, ambaye ni nguzo ya madhehebu haya haya, aliona kwa upande wa dalili nguruwe huoshwa mara moja kama najisi nyingine. Jishikie hiyo bila hofu. Na chombo usichojua kimepikiwa nini, asili yake ni twahara; yakini haiondolewi na shaka. Usizunguke jikoni unanusa masufuria.

Nyama sitaisema kwa urefu. Kula samaki, mayai, dengu na mboga za mezani kwao, na nyama nunua katika maduka ya Waturuki, ambayo Ujerumani ni mengi. Soma maandishi ya peremende pia, nyingi zina gelatini ya nguruwe.

Mbwa: mkavu kwa mkavu hakuna najisi. Tatizo ni unyevu wake. Kwa Imamu Shafi sehemu iliyolowa huoshwa mara saba, moja kwa udongo; kwa Imamu Abu Hanifa mate yake ndiyo najisi, si mwili; kwa Imamu Malik mbwa aliye hai ni twahara. Fanya hivi: funga mlango wa chumba chako, omba kwa adabu asiingizwe humo kwa sababu ndimo unamoswalia, na mkeka na nguo za swala ziweke juu kabatini. Ukizidiwa, akakugusa kila siku na huna njia, kauli ya Imamu Malik ni rehema kwako, ichukue wala usijione umecheza na dini.

Kuhusu bia, ipo hadithi kwa Tirmidhi inayomkataza anayemuamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Kwako njia ni nyepesi kwa sababu magharibi yenyewe inakusaidia: fungua kwa tende na maji, nenda ukaswali, kula chakula chako, kisha ukae nao kwa chai wakishamaliza. Ukiwaeleza, wengi wao wenyewe huiondoa chupa mezani bila kuombwa.

Daku usiiache, wala usiamshe nyumba. Mtume (s.a.w.) amesema kuleni daku kwani ndani yake mna baraka. Tayarisha usiku: chai katika chupa ya chai, chakula katika hotpoti, tende, maji. Vitie chumbani kwako ulale.

Na nyakati ziangalie kwa makini kuliko ulivyozoea. Tanga magharibi ya leo na ya wiki ijayo ni karibu sawa, mtu anaweza kufuturu kwa mazoea. Münster sivyo. Katika Ramadhani ya 2026, mwanzo wa mwezi jua lilikuwa likitua kabla kidogo ya saa kumi na mbili jioni, na mwisho wake saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi. Alfajiri nayo inarudi nyuma kwa takriban saa nzima ndani ya mwezi. Ukila daku kwa saa ya wiki iliyopita, utakuwa umekula mchana. Chukua ratiba ya msikiti ulio karibu nawe, uifuate hiyo hiyo kwa daku na futari, usichanganye na programu tatu za simu ukachagua inayokupendeza. Saa zako za kufunga ni kama kumi na mbili mpaka kumi na nne, sawa na Tanga. Waliofunga hapo mwezi Juni 2016 walifika karibu saa kumi na tisa.

Idi utaswali pamoja na watu wa hapo, hata kama Tanga wanatofautiana nao kwa siku. Swahaba Ibn Abbas alipoletewa habari na Kuraib kwamba Sham, yaani Shamu ya Syria, wameuona mwezi kabla ya Madina, alibaki na mwandamo wa Madina. Hadithi ya Kuraib hiyo, imo katika Muslim. Ikitokea siku zako, ukiunganisha za Tanga na za Münster, zimekuwa ishirini na nane, lipa moja, maana mwezi haupungui ishirini na tisa. Ruhusa ya shule ya siku ya Idi iombe sasa kwa maandishi.

Yabaki madeni yako mawili, na hayako sawa. Siku ya safari uliiacha kwa udhuru, una nafasi ya kuilipa mpaka kabla ya Ramadhani ijayo. Ukipenda ilipe Desemba, mchana wa huko ukiwa mfupi sana. Siku ya mezani uliivunja bila udhuru, na katika madhehebu yetu ya namna hiyo hulipwa haraka. Siku ya Idi ni haramu kufunga. Ifunge tarehe pili Shawwal, yaani siku inayofuata Idi, kabla hujaanza siku sita za sunna.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.