Kabla Hujafungua Biashara ya Pipi, Msome Milton Hershey

Napika tofi za maziwa na kuziuza kwenye maduka ya mtaani kwetu. Anayekuja kuniuliza aanzie wapi, kabla sijamtajia kipimo cha sukari, humsimulia kwanza habari za Milton Hershey. Wengi wanalijua jina hilo kwenye karatasi ya chokoleti tu.

Hershey alizaliwa mwaka 1857 huko Pennsylvania, Marekani. Alifundishwa kazi na fundi pipi wa Lancaster, Joseph Royer, na mwaka 1876 akafungua duka lake Philadelphia. Lilidumu miaka sita likafa, pamoja na fedha zote alizokopeshwa na dada wa mama yake, Mattie Snavely. Akajaribu tena New York, napo akafilisika.

Katikati ya hasara hizo mbili alipita Denver, akaajiriwa na mtengenezaji wa karameli, yaani aina ya tofi. Bwana yule alitumia maziwa freshi, na karameli zake zilikuwa laini na zilikaa muda mrefu bila kuharibika. Hapa ndipo ninapomwomba mgeni wangu atulie. Hershey aliporudi Lancaster mwaka 1886 hakuwa na mtaji, na ndugu wa upande wa mama walikuwa wamechoka kumkopesha. Rafiki yake, Harry Lebkicher, ndiye aliyemsaidia fedha za kusafirishia vyombo vyake. Ila siri ya maziwa alikuwa nayo kichwani, na juu yake akajenga Lancaster Caramel Company.

Nami jikoni nayaona hayohayo. Maziwa freshi yanataka moto mdogo na mwiko usiotulia, maana ukigeuka kidogo tu yanashika chini. Nikidondosha tone kwenye maji baridi likajikusanya, likawa donge linalobonyea kidoleni, naepua papo hapo. Ujuzi wa namna hiyo uandike kwenye daftari kila siku, biashara iwe inakwenda au inasuasua. Mdai anaweza kuchukua sufuria; daftari litabaki kwako.

Mwaka 1893, kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, Hershey aliona mitambo ya chokoleti kutoka Ujerumani akainunua. Mwaka 1900 akaiuza kampuni ya karameli kwa dola milioni 1, akabaki na chokoleti.

Kiwanda kipya alianza kukijenga mwaka 1903, si mjini, bali Derry Township alikozaliwa, katikati ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Basi nawe, kabla hujalipia fremu, amka alfajiri uende kwa wafugaji. Uliza wanakamua saa ngapi, maziwa yanabebwa na nani, na kiangazi yanapungua kiasi gani. Fremu utaitafuta baada ya hapo.