Mchanga wa paka usiotimua vumbi, na ushauri wa chokaa

SWALI: Asalaam aleikum, daktari. Ninafuga paka wawili, dume na jike, ghorofani katika nyumba ya Mkomani, Lamu. Hawatoki nje, choo chao ni sanduku la mchanga. Mchanga wa madonge, ule unaoshikana ukilowa, ninaouagiza kutoka Mombasa, bei yake imenishinda, na kila nikiumimina vumbi hutanda chumba kizima. Dume ameanza kupiga chafya. Mwenye duka mmoja amenishauri ninunue mchanga wa rahisi, niutie chokaa na majivu ili ushikane na usinuke. Je, nifuate? Na nitaujuaje mchanga wa nafuu usio na vumbi?
Mama wa paka wawili, Lamu

JIBU: Wa aleikum salaam, dadangu. Chokaa usitie, hata kijiko kimoja. Na kama umeshatia, mwaga sanduku zima leo hii, lioshe, kisha uwafute paka nyayo kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu kabla hawajazilamba.

Nimeanzia hapo kwa sababu ushauri huu naukuta kila mara, na kila mara anayeutoa si yeye atakayemleta paka kutibiwa. Asili yake naijua. Choo cha shimo kikinuka humwagiwa chokaa, basi mtu akaona na choo cha paka ni hivyo hivyo. Lakini shimo halina nyayo wala halijilambi. Chokaa ikipata unyevu huunguza ngozi; muulize mwashi yeyote wa hapa anayepiga lipu mikono mitupu, akuonyeshe vidole vyake. Paka hukojoa, hufukua, unga wa chokaa ukabaki katikati ya vidole, halafu akaenda akakaa penye baridi na kujisafisha kwa ulimi. Niliwahi kuletewa mmoja aliyekuwa amegoma kula siku mbili. Mwenyewe alidhani ana jino bovu. Nilipomfungua mdomo, ncha ya ulimi ilikuwa imechubuka, nyekundu tupu, na nyayo za mbele zimebambuka ngozi kama papai lililomenywa. Sanduku lake lilikuwa na chokaa iliyochanganywa na saruji, "ili ishike vizuri".

Na harufu yenyewe haiondoki. Kile kinachokuchoma puani kwenye mkojo uliolala ni amonia, na ukali wa chokaa huifukuza amonia itoke kwenye majimaji iingie hewani. Majivu nayo yana tabia hiyo hiyo, kisha juu yake yana vumbi kuliko chochote unachoweza kununua. Wenzetu waliyaacha zamani. Mwaka 1947, huko Michigan, Marekani, jirani wa mtu mmoja aitwaye Edward Lowe alikuwa amechoshwa na paka kukanyaga majivu na kuyatapakaza nyumbani. Lowe akampa udongo mkavu wenye kunyonya, na biashara ya mchanga wa paka ikaanzia hapo. Ajabu leo mtu anaturudisha kwenye majivu na kuuita ujanja mpya.

Kinachofanya madonge si chokaa, ni aina ya udongo. Unaitwa bentonaiti. Ile ya sodiamu ikinyonya maji huweza kufura hata mara 15 ya ujazo wake, chembe zikabanana na kuwa donge unalolichota zima. Ile ya kalisiamu hufura kidogo tu. Ndiyo maana mifuko miwili inayofanana, yote imeandikwa "udongo wa asili", mmoja hushika kama jiwe na mwingine huwa tope.

Kwa hiyo usiamini maandishi, jaribu mwenyewe. Omba uuziwe kipimo kidogo kwanza, au anza na mfuko mdogo kabisa. Tandika buibui kuukuu sakafuni, mahali jua linapoingia, chota ukufi wa mchanga uumwage kutoka usawa wa kiuno. Tazama mwanga, usitazame mchanga: vumbi utaliona likielea, na lililotua utaliona kwenye kitambaa cheusi. Halafu tia mchanga mwingine kwenye bakuli, mwagia vijiko viwili vya maji mahali pamoja, uache robo saa, kisha uinue donge kwa uma. Likija zima na chini yake pakavu, huo ni mchanga. Likimeguka, vile vipande ndivyo vitakavyokauka, visagike chini ya miguu ya paka, na kuwa vumbi la kesho.

Ukiona mfuko umeandikwa kuwa hauna vumbi kwa asilimia 99, piga hesabu. Asilimia 1 ya kilo 10 ni gramu 100. Gramu 100 za unga wa udongo zikipeperushwa ndani ya chumba chembamba cha nyumba ya mawe, chenye kuta nene na dirisha dogo, zinamtosha paka kupiga chafya mwezi mzima. Mimina uani penye hewa, mdomo wa mfuko ukigusa sanduku, polepole, paka wakiwa mbali. Unga unaobaki chini ya mfuko utupe, usiukung'ute ndani.

Chagua usio na manukato. Hapa tena watu hunibishia. Manukato yamewekwa kwa ajili ya pua yako. Pua ya paka ni kali kuliko yetu kwa mbali, na wengi wakichukizwa na sanduku huhamia kwenye mkeka au kitandani, kisha wanapigwa kwa kuwa "wana jeuri".

Kuhusu bei: bei ya mfuko haikwambii lolote mpaka ujue umekaa siku ngapi. Andika tarehe ya kuufungua kwa kalamu juu ya mfuko, na tarehe ya kwisha, kisha gawanya. Mchanga usioshika ukilowa hutupwa wote. Wa madonge unachota kilichoharibika na kujazia. Wanaotia kidogo ili kubana matumizi ndio wanaopoteza zaidi, kwa sababu mkojo hufika chini, ukaganda sakafuni mwa sanduku, ukilikwangua donge linavunjika. Weka kina cha sentimita 5 hadi 7. Wakati wa kusi, hewa ikiwa nzito, hifadhi uliobaki kwenye ndoo yenye kifuniko, la sivyo utanyonya unyevu kabla paka hajaugusa. Na madonge usiyamwage chooni: yanafura bombani kama yanavyofura sandukuni.

Mtu atakwambia uchote mchanga wa bure kwenye matuta ya Shela, kijiji jirani. Matuta yale ndiyo yanayotuhifadhia maji matamu tunayokunywa mjini, hayaguswi kwa ajili ya paka wala kwa ajili ya nyumba. Tena mchanga ule haunyonyi. Mkojo unapita moja kwa moja na kutuama chini. Unga wa mbao kutoka kwa mafundi wa majahazi nao ni vumbi tupu, na wa mvule huwasha hata mapafu ya fundi mwenyewe.

Harufu dawa yake ni kuchota, asubuhi na jioni, na kuwa na masanduku matatu kwa paka wako wawili. Nimeona watu wakifanya kila kitu isipokuwa hilo. Wanaweka naftalini pembeni mwa sanduku, na naftalini ni sumu kwa paka. Wanaosha kwa dawa inayogeuka nyeupe kama maziwa ikitiwa maji. Dawa za namna hiyo ini la paka haliziwezi. Wanamwaga klorini juu ya mkojo, ikatoka hewa inayobana kifua cha paka na cha mwenye nyumba. Maji ya moto na sabuni ya vyombo isiyo na harufu vinatosha. Yeyote anayekuuzia unga wa kutia sandukuni, muulize una nini ndani. Asipoweza kukutajia, usinunue, hata akikupa bure.

Sasa dume wako. Chetezo unakiweka wapi? Nakuuliza kwa sababu moshi wa udi unaofukizwa kila jioni karibu na sanduku humwasha paka sawa na vumbi, na wengi hufukiza hapo hapo kufunika harufu. Uhamishe kwa wiki moja, ubadilishe na mchanga, uone. Kama anatokwa na usaha machoni au puani, hiyo huenda ni mafua ya paka, wala si vumbi. Akijikunyata, akanyoosha shingo na kukohoa, mlete bila kungoja wiki iishe.

Na ukichota, hesabu madonge yake. Siku utakayoona madonge madogo madogo kama punje za mahindi, au anaingia sandukuni, anajikamua, anatoka bila kitu, njoo saa hiyo hiyo, hata usiku. Dume akizibwa mkojo hamalizi siku nyingi.