Nyumba ya kupangisha kabla ya mtoto: hesabu tuliyoikosea

Mama mkwe aliposikia tumenunua nyumba ya chumba kimoja cha kulala, ghorofa ya nne, karibu na Barabara ya Thika jijini Nairobi, aliuliza swali moja tu: "Sasa shamba lenyewe liko wapi?" Kwake yeye, nyumba isiyogusa udongo ni hewa. Kilichomchanganya zaidi ni kwamba sisi wenyewe tulikuwa wapangaji mtaa wa Donholm, na mpaka leo bado ni wapangaji. Kodi tunalipa huku, kodi tunapokea kule.

Marafiki wananiuliza kama inafaa kununua nyumba ya namna hiyo kabla ya kuzaa. Nawaambia wanunue, lakini wapige hesabu wakichukulia kwamba nyumba iko tupu na mshahara unaoingia ni mmoja. Sisi tuliipiga kwa mishahara miwili na mpangaji asiyehama.

Bei ilikuwa shilingi za Kenya milioni 3.6. Mkononi tulikuwa na milioni 1.5. Hapo ni mapema 2024, Benki Kuu imetoka kupandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13 mwezi wa Februari, na mikopo ya benki haishikiki. Nikakimbilia sacco, chama cha akiba na mikopo, ambako nilikuwa nimeweka akiba ya 700,000. Wakanipa mara tatu yake, milioni 2.1, kwa miaka mitano, riba asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua. Marejesho ni karibu 46,700 kila mwezi. Kodi ya ile nyumba ni 25,000.

Ndiyo, umesoma vizuri. Ajenti alituambia nyumba itajilipa yenyewe, na mume wangu akairudia kauli hiyo kwa ndugu zake kama aya ya Biblia.

Kwenye hiyo 25,000, toa 3,500 ya walinzi, taka, taa za ngazi na pampu ya maji. Halafu toa ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Ukipokea zaidi ya 288,000 kwa mwaka, unatozwa asilimia 7.5 ya pesa zote za wapangaji, bila kupunguza gharama yoyote, na unalipa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Sisi tunapokea 300,000, kwa hiyo tumo, na ni 1,875 kila mwezi. (Kiswahili nacho kina utani wake: kodi inatozwa kodi.) Zinabaki 19,625. Zilizopungua, kama elfu 27, zinatoka mfukoni mwetu, na elfu 27 ndizo zile zile ambazo baadaye zilihitajika kwa yaya, daipa na maziwa.

Kuna pesa nyingine hatukuziwaza kabisa: ushuru wa stempu, ambao mnunuzi huilipa serikali nyumba inapohamishiwa jina lake. Mjini ni asilimia 4, kwetu 144,000, mbali na wakili na mthamini. Tulizichota kwenye pesa za kujifungulia. Nikashika mimba mwezi wa Juni, bahasha ya hospitali ikiwa tupu, na Oktoba bima ya afya ya serikali, NHIF, ikaondoka, mpya ya SHA ikaingia, ikabidi tujisajili upya. Nilikaa miezi mitano bila kununua hata kiatu.

Likizo ya uzazi nayo niliielewa nusu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu kwa mshahara kamili, baba wiki mbili. Lakini mimi niko mauzo, na zaidi ya theluthi ya ninachopeleka nyumbani ni kamisheni. Mshahara ulikuja kamili. Kamisheni waligawana waliokuwa kazini. Kama unakula kwa kamisheni, kwa biashara yako au kwa vibarua, likizo hiyo ihesabu kama pengo.

Mwisho wa Februari 2025, wiki mbili kabla sijajifungua, mpangaji wetu akapata uhamisho kwenda Eldoret. Kijana mstaarabu, alipaka hata rangi kabla ya kurudisha ufunguo. Nyumba ikakaa tupu Machi na Aprili. Marejesho pamoja na ada ya jengo ni 50,200 kwa mwezi, nyumba ikiwa na mtu au haina.

Mei tukapata mwingine. Siku ya tisa akanipigia saa nane usiku. "Madam, maji yanamwagika jikoni, jirani wa chini amekuja kugonga." Mtoto yuko kwenye titi, simu nimeibana kwa bega, namwelekeza: valvu iko chini ya sinki, nyuma ya mtungi wa gesi, zungusha kulia. Akazungusha kushoto. Nikasikia maji, kisha nikasikia mwanamke akipiga kelele. Kulipokucha tulilipa fundi 4,500 na kununua rangi ya dari ya yule mama wa ghorofa ya tatu. Tangu hapo msimamizi wa jengo tunampa elfu moja kwa mwezi, na yeye ndiye anayepigiwa kwanza. Katika pesa zote tunazolipia ile nyumba, hiyo ndiyo nalipa bila kununa.

Hata hivyo, tungengoja mtoto tusingenunua. Tulitazama nyumba kumi na moja kwa Jumamosi sita, kwa matatu na kwa miguu. Nikiwa na kichanga ningeishia Roysambu, hapo hapo Barabara ya Thika, nirudi.

Kama bado una hizo Jumamosi, nenda kwenye jengo saa mbili usiku, usimame upande wa pili wa barabara uhesabu madirisha yenye taa. Ajenti hawezi kukuficha hilo. Halafu mnunulie mlinzi soda umuulize nyumba ya mwisho kupata mtu ilikaa tupu miezi mingapi, na maji huja siku zipi. Nunua iliyokwisha kujengwa, kwa sababu mtoto ana tarehe na mkandarasi hana. Hakikisha utapewa hati ya nyumba yako peke yake chini ya Sheria ya 2020 ya majengo yenye wamiliki wengi, wakili wako (si wa muuzaji) apekue rekodi kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa mtandaoni wa ardhi, na majina yenu wawili yaandikwe. Usitegemee nafuu ya kodi kwa riba ya mkopo wa nyumba. Hiyo ni ya anayeishi ndani mwenyewe. Na kabla ya kutia sahihi, weka marejesho ya miezi sita kando, mbali na bahasha ya hospitali.

Mkopo bado haujafika nusu. Juzi mume wangu ameanza kuongelea mtoto wa pili. Nimemwambia aniletee kwanza taarifa ya salio kutoka sacco.